Siku Sabini na Sita

Mwisho wa Februari, Winnipeg, thelathini chini ya sufuri,
nimerudi zamu ya usiku, gereji ya mabasi,
nikamkuta kangaja anajikuna kwenye jiwe.
Anajikuna, anageuka, anajikuna ubavu wa pili,
na mapezini chembe nyeupe, nyeupe,
kama mtu kamnyunyizia chumvi
kabla ya kumkaanga.

Niseme kweli: kangaja mimi nilimjua sahanini.
Samaki wa fungu la mwisho, ngozi ngumu,
mwiba wa mkiani unaokata kidole cha mpishi.
Huyu ana jina. Anaitwa Bwana Fedha.
Binti yangu Batuli kamnunua dola mia na ishirini,
kisha akaenda zake Halifax kusomea meno ya watu,
akaniachia tangi, pampu nne,
na daftari lenye kurasa zilizolowa.

Nikampigia simu.
"Baba, usitie dawa humo ndani!
Shaba itaua matumbawe, konokono, kamba, wote.
Watoe samaki. Hata wasio na doa.
Halafu tangi likae bila samaki
siku sabini na sita."
"Sabini na sita? Nani kahesabu?"
"Vimelea, Baba. Wao ndio wenye kalenda."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Samaki hana nguo.
Kinachomla kimepiga kambi chini ya ngozi;
kikishiba kinadondoka mchangani, kinajifunga kama kijiwe,
usiku kinapasuka, kinamwaga watoto
wanaoogelea gizani kutafuta ubavu.
Wasipoupata, basi.
Mgeni huyu hapewi jembe siku ya tatu.
Wenyeji ndio wanaohama,
wanamwachia nyumba, taa zinawaka,
jikoni hamna kitu.

Nikawahamisha watatu kwa kikombe.
Hospitali yao boksi la kioo, chumba cha kufulia nguo,
vipande vya bomba la plastiki ndiyo mapango.
Bahari niliikoroga kwenye ndoo kwa mwiko wa ugali;
Mwanasiti mke wangu mpaka leo
mwiko ule hajanisamehe.
Shaba nilitia tone kwa tone:
ikizidi ni sumu, ikipungua ni mzaha.
Kila usiku nikiinua kichupa kwenye taa
nikilinganisha rangi, jicho moja nimelifumba,
kama sonara asiyemwamini mteja.

Siku ya tisa yule mdogo wa milia akalala ubavu.
Hakuwa na hata doa moja.
Ardhi ya huku Februari haikubali sepeto,
nikamkunja kwenye karatasi ya jikoni,
nikamweka kwenye friza nyuma ya mbaazi, mpaka Mei.
Mwanasiti alimkuta Aprili. Tusiendelee.

Juu, sebuleni, tangi lilikuwa linanguruma kwa ajili ya nani?
Nilikaa mbele yake na chai.
Matumbawe yakifunguka saa nne, yakifumba saa tatu,
konokono akiandika kioo mstari mmoja kwa wiki.
Siku ya arobaini, au arobaini na moja,
nimetia mkono kufuta ukungu wa kijani,
kamba mwekundu akashuka kutoka pangoni,
akanipandia kifundo, akanusanusa kwa sharubu,
akaanza kuchokonoa kucha zangu,
ule weusi wa gereji uliomshinda sabuni.
Kidole kimoja, halafu cha pili.
Njaa imemfundisha kunikosea na samaki.
Nikatulia. Mkono ukafa ganzi.
Chai ikapoa, simu ikalia, sikuipokea.

Katikati ya Mei barafu ya mtoni ilikuwa imeshakwenda.
Nikawarudisha wawili.
Bwana Fedha alijificha nyuma ya mwamba mpaka jioni,
akatoka, akajipanga mbele ya kamba, akafungua mapezi,
naye akapanda, akaanza kazi.

Bado natazama kwa tochi, ubavu kwa ubavu,
kila povu dogo linanishtua.
Na kamba, nikitia mkono siku hizi,
ananipita.