Upande wa Kulia

Mwalimu Nyabise, rika la kitindamimba wangu,
amesema anwani ya mwandishi hukaa juu, upande wa kulia.
Kwandu akauliza: na upande wa kucheka ni upi?
Tukacheka, sisi wa kisomo cha Jumanne,
mikono bado inanuka dagaa.
Mwalimu hakucheka. Alichora pembe ya karatasi ubaoni
akaigonga kwa chaki mara tatu.

Sina sanduku la posta.
Nimeazima la parokia, kama ninavyoazima mizani.
Chini yake nikaandika: Igombe,
nyumba ya tatu ukishapita mashine ya barafu,
yenye mlango wa bati la bluu.
Akaikata mistari hiyo kwa wino mwekundu.
Mama, barua haiulizi njia.
Nikamwambia, ndiyo maana kwetu huwa hazifiki.
Nilimdanganya. Zilifika tatu.

Tarehe nimeinakili ubaoni.

Halafu: Kwa rafiki yangu mpendwa.
Hapo kalamu ikagoma.
Nkwimba sijawahi kumwita hivyo.
Tulipokuwa tukichota maji nilimwita Miguu ya Korongo,
naye aliniita jina nisiloweza kuliandika
mbele ya mtoto wa watu.
Barua ya kirafiki, anasema mwalimu,
andika kama mnavyoongea.
Nikaandika: Mwangaluka.
Akaitazama. Akaiacha.

Mjukuu wangu Sayi ananishangaa.
Bibi, simu unayo, namba yake unayo,
Nansio si mbinguni.
Kweli. Kila Krismasi tunapigiana.
Mvua? Imenyesha. Wajukuu? Wazima. Samaki? Wamekimbia.
Halafu salio linakata,
na mimi nalishukuru salio.

Mwaka ule alinitumia barua
mikononi mwa wachuuzi wa machungwa.
Yeye aliishia darasa la nne, mimi niliishia mlangoni.
Mume wangu alijua kusoma.
Ndiyo maana sikumpa.
Nilizitia kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya cherehani,
nikasema, siku moja.

Siku moja imekuja mwezi uliopita,
silabi kwa silabi, kidole kikitangulia:
njo, njo-o,
njoo.
Mto-to ha-shu-ki jo-to.
Njoo hata siku mbili.
Ya tatu ilikuwa fupi.
Sijawahi kusoma kitu haraka kama ile ya tatu.

Miaka kumi na tisa.
Na kila Krismasi nimemuuliza kuhusu mvua.

Leo mwalimu anasema: baada ya salamu eleza hali yako,
kisha ingia kwenye dhumuni, usizunguke.
*Mimi ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwako tu.*
Darasa zima tumeuandika mstari huo sawasawa.
Nimeurudia kuusoma, nikaufuta kwa mate na kidole
mpaka karatasi ikatoboka
nikaona dawati.

Nikaandika pembeni mwa tundu:

*Nkwimba, nimesoma barua zako.*
*Nimezisoma mwezi uliopita.*
*Sikujua, ila nilijua kwamba sijui,*
*nikaona afadhali nikae hivyo.*

Jina la mtoto nimelikosea mara mbili.
Sikutaka kuuliza linaandikwaje.

Mwisho: wako akupendaye.
Kisha jina langu, lote, bila dole gumba.
Mistari minne imebaki mitupu.
Mwalimu anasema niipige mkwaju,
mtu asije akaongeza maneno yasiyo yangu.
Sijaipiga. Huenda yeye akataka pa kujibia,
huenda akawa hana karatasi.

Nimepewa nane kwa kumi.
Mbili nimezikosa upande wa kulia.