Kabati la Bwana Stavro

Bwana Stavro alipozikwa, mkonge ulibaki shambani
na ufunguo wa kabati ukabaki kwangu,
mfuta vumbi wa miaka kumi na tisa.

Ndani, vigae.
Kila kimoja na kikaratasi chake.

Korintho: niliijua kwa nyaraka tu, zikisomwa kanisani Magila.
Sikujua kwamba nao walikuwa na udongo,
wa manjano hafifu, kama unga wa muhogo uliolala,
na simba amebanana na mbuzi, kila mwanya umetiwa ua,
utadhani mfinyanzi aliogopa nafasi tupu.

Rodo: mbuzi mwitu, mstari mmoja, wanakula na hawashibi.

Boiotia: ndege, kichwa chini.
Nikakigeuza kigae. Ndege wakakaa sawa,
kikaratasi kikapinduka.
Nikacheka peke yangu.

Athene: wekundu wa njia ya Lushoto,
na watu weusi tii, jicho limekwaruzwa kwa ncha.
Hiki nilikishika muda mrefu.
Bwana hakuwahi kunionyesha.

Mama alifinyanga Mkuzi, Muheza.
Taa ikizimika alipapasa mdomo wa chungu, akasema:
huyu Mzigua,
huyu wa kwetu,
huyu kaolewa Usambaa, mkono wake bado haujahama.

Leo wamekuja watu wa mnada.
Wamehesabu arobaini na kimoja;
daftari la marehemu linasema arobaini.
Wamenitazama. Nimetazama dirisha.

Kati ya Korintho na Athene
kipo cheusi kwa moshi, kina harufu ya kunde.
Kikaratasi ni mwandiko wangu:
Mkuzi.