Kufuli la Aikaruwa

Ghorofa ya pili, Kiusa, juu ya duka la mabomba,
mvua ya Aprili imekaa siku tatu bila kuaga.
Mlima hauonekani. Hiyo si habari.
Habari ni kwamba leo programu imekubali kufunga ujumbe
bila kunitukana.

Wanaiita maktaba, nayo haina kitabu wala vumbi.
Unaitaja jina, inakuja na vyombo vyake.
Unaipa maneno, unaipa vyeti vya watakaosoma;
inachonga ufunguo wa kutumika mara moja tu,
inayasaga maneno nao mpaka yanakuwa pumba,
kisha ufunguo ule ule inaufungasha
kwa kila mwenye cheti, kivyake:
vifurushi sita, siri moja.

Meneja Lyatuu alitaka nimweleze kwa lugha ya ghalani.
Nikamwambia, kila mwonjaji ametuachia kufuli lake likiwa wazi.
Kulibana anaweza yeyote, hata mlinzi, hata mwizi.
Kulifungua ni mwenyewe tu.
"Na wewe uliyelibana?"
Mimi nje, mzee. Nikishabana, mimi ni mpita njia.
Akacheka. Alidhani namtania.

Alama za kahawa lazima zisafiri hivyo:
gunia la Uru limepata ngapi,
la Kibosho mbona linanuka moshi wa jikoni,
lipi lililowa njiani likaanikwa upya, likajifanya halijui maji.
Zikivuja kabla ya mnada,
bei inafia mkononi mwa aliyepalilia.

Orodha ya wenye vyeti ninayo kwenye karatasi
yenye duara la kikombe.
Wa sita ni Aikaruwa Mmari,
aliyeonja miaka thelathini na moja,
akivuta kijiko kwa mlio wa kitambaa kinachochanika,
akitema kwenye ndoo ya bati, taratibu, kama mtu aliye ibadani.
Siku namwekea kadi yake alinitazama akasema,
"Ulimi hauna nywila, mwanangu. Ndiyo maana nautunza."
Tulimzika Old Moshi, Jumamosi baada ya Pasaka,
ndani ya kihamba, migomba ikitudondoshea maji shingoni.
Cheti chake kina uhai mpaka Novemba.

Maktaba haikuuliza.
Yenyewe inauliza tarehe,
inauliza sahihi ya aliyekitoa cheti,
inapanda mnyororo pingu kwa pingu mpaka kwenye shina.
Ikaona yote sawa.
Ikamfungashia marehemu nakala yake bila kigugumizi.
Kadi yenye ufunguo iko Himo kwa mwanawe,
ndani ya kopo la siagi pamoja na risiti za dawa;
anadhani ni ya benki,
ameshaipeleka mashineni mara mbili.

Kazi yangu kesho ni fupi: kukibatilisha.
Mstari mmoja, na sababu unachagua:
ufunguo umevuja; mwenye cheti amehama;
cheti kipya kimetolewa; shughuli imekoma.
Kifo hakimo.
Nitaweka "shughuli imekoma".

Basi leo, kabla umeme haujafanya mambo yake,
nimewafuta watano, nikambakiza peke yake.
Nimeandika mistari minne.
Kuhusu lile gunia la Machame:
alisoma themanini na sita, nikachapa sitini na nane,
yule baba akauza kwa hasara, akashukuru, akapanda pikipiki.
Wewe uliona, Bibi. Ukaosha vijiko.
Hukunisema, na hukuniambia kwa nini.

Nikabana.
Nikajaribu kuusoma tena, nikapewa pumba,
na maandishi mekundu: huna ufunguo wa ujumbe huu.
Kosa hilo, miaka yote ya kazi hii,
ndilo la kwanza ambalo sikulitafutia dawa.

Chini wanakata bomba kwa msumeno.
Faili nimelipa jina "jaribio la mwisho",
halafu nikarudi,
nikafuta "la mwisho".