Hati ya Uhai

Naitwa Feza, na feza sina.
Karani wa dirisha la tatu alicheka aliposoma jina,
nami nikacheka naye. Mwenye shida
hachagui mzaha wa kuchekea.

"Mama, lete hati ya uhai."
Nikamtazama. Nikakohoa.
Nikaweka mkono juu ya kaunta, mishipa yote nje,
nzi akatua, ukatikisika, akaruka.
Hata nzi alijua.
Lakini nzi hana muhuri.

Marehemu Mwilambwe aliunga mabehewa miaka thelathini na mmoja.
Reli ikamla kidole cha shahada,
na tangu hapo mshahara aliuhesabu kwa vidole tisa,
akisema ndiyo maana haufiki.
Aliniachia koti la mvua, filimbi,
na namba ya tarakimu nane
ninayoijua kuliko siku niliyozaliwa.
Ndani ya namba hiyo, wanasema, mna kitu changu,
kila baada ya miezi mitatu,
nikiwa hai. Hai ya karatasi.

Basi nikapiga hesabu ya kuwa hai:
picha mbili, muhuri wa komini,
kitu kidogo kwa sababu "kalamu imekauka, mama",
fotokopi, pikipiki toka Katuba kwenda na kurudi.
Kwenda tu. Kurudi nilitembea,
nikiutazama kwa mbali ule mlima mweusi wa mavi ya shaba
unaong'aa mvua ikinyesha, kama una kitu ndani.
Walishachukua.
Nikajumlisha tena njiani, kwa sauti, watoto wakanicheka:
uhai wangu wa miezi mitatu
unazidi bei ya pansheni yenyewe kwa meka mbili za unga.

Mara ya nne nilimkuta Numbi kwenye benchi,
daftari mapajani, limefungwa kwa mfuko wa sukari.
Hakuniuliza jina wala kabila.
Aliuliza, "Wewe unaona?"
"Naona."
"Herufi?"
"Masista walinifikisha darasa la sita."
Akafungua mfuko taratibu, kama anamvua mtoto aliyelala.

Mjukuu wake ndiye aliyekuwa akiandika
kabla hajaenda Kolwezi kuchimba;
tangu hapo bibi analibeba lote, bila kujua
lipo wapi lipi.
Nikasoma. Kwa sauti ya chini, kisha ya kati, maana benchi lilisogea.
Jumanne, parokia, mlango wa nyuma: unga. Usivae bangili.
Kwa masista macho hupimwa bure mwezi wa kumi,
utaje umri kabla ya kutaja ugonjwa.
Wenye gari jeupe walipiga picha, na chini yake
kijana amekandamiza wino: HAWAKURUDI.
Mzee mmoja mwenye kofia ya mgodi akasema, "Rudia hapo pa unga."
Nikarudia. Akawa anatikisa midomo, anakariri,
kama mtoto mbele ya katekista.
Dirisha la tano, Alhamisi: huyo naye ana mama.

"Alhamisi ndiyo leo," akasema Numbi,
na benchi zima likacheka, meno machache, kicheko kingi,
hadi dirisha la tatu likainua kichwa.

Sisemi nimelipwa.
Huyo wa tano alipokea karatasi zangu kwa mikono miwili,
akasema mwezi wa tisa. Tutaona mwezi wa tisa.
Bukari ya jana usiku niliipika laini, ili iwe nyingi,
na lengalenga za jirani, za kukopa.

Ila kila Alhamisi sasa ninakaa pale, niwe na zamu au nisiwe.
Mwenye habari ananinong'oneza, mimi naandika:
nani anatoa, nani anadanganya, wapi kuna kivuli cha kusubiria.
Ukurasa wa kwanza, palipobaki nafasi pembeni,
Numbi alitaka niandike majina yetu na tarehe.
Nikamuuliza, ya nini?
"Wakija kutuuliza," akasema.
Kalamu yake haikuwa imekauka.