Swali la Tisa

Karatasi za kwanza zilitoka Kampala
ndani ya bahasha ya kaki iliyopigwa lakiri.
Maswali thelathini, dakika ishirini.
La saba lilikuwa na lifti:
ikipanda ghorofa kumi na mbili, ikishuka tano...
Onzia akanyoosha mkono kule nyuma,
katika darasa tuliloazima hapa Arua.
"Samahani, lifti ni kitu gani?"
Nilikuwa nimeagizwa nisijibu neno.
Nikatazama saa yangu.

Tulitafuta makarani watatu wa ghala la ufuta,
watu wa kupima, kuandika,
kukataa gunia lililotiwa mchanga.
Ghala letu halina hata ngazi.

Usiku ule kalamu nyekundu ilinilemea.
Andama, mpwa wa meneja, alipata ishirini na nane,
na pembeni mwa karatasi yake
hapakuwa na mkwaruzo wa hesabu hata mmoja.
Majibu yamezaliwa bila mimba.

Nikamwendea meneja. Nikasema, kipimo ni kizuri,
ni bora kuliko "huyu mtoto wa nani,"
bora kuliko noti iliyokunjwa kiganjani.
Lakini rula iliyopinda
humwonyesha mnyoofu kuwa kibiongo.
Alinyamaza muda mrefu, akafunga dirisha.
"Haya. Tunga wewe."

Nikatunga. Lifti ikatoka, mizani ikaingia.
Mfano mmoja tukaufanya ubaoni, wote, kwa sauti,
ili asiyewahi kuona mtihani wa namna hii
ajue mlango uko upande gani.
Kiingereza, Kiswahili, Kilugbara:
kila mtu na ulimi anaofikiria nao.
Namba badala ya majina.
Dakika arobaini, maana gunia halikimbii.
Drateru, mwenye jicho moja,
nikampa herufi kubwa na kiti cha dirishani.
Mtu akanung'unika.
Nikamwambia, dirisha halimfanyii mtu hesabu.

Nilitaka Onzia ashinde.
Naliandika hili ili nisijidanganye.
Nilipofunua majina alikuwa wa nne,
kwa alama moja.
Wa tatu, Andama. Na safari hii
pembeni mwa karatasi yake pamejaa tarakimu
zilizokatwa, zikarudiwa, zikakatwa tena.
Mizani haina mjomba.
Haina shangazi pia, nikajiambia,
nikabandika orodha mlangoni,
nikaenda kunywa chai isiyoshuka.

Alasiri akaja. Hakulia, hakubembeleza.
"Naomba kuiona karatasi yangu."
Ilikuwa haki yake. Kanuni hiyo
niliiandika mwenyewe, kwa mkono huu.
Akateremsha kidole mpaka la tisa:

Magunia yote ya Yumbe ni mekundu.
Gunia hili ni jekundu.
Je, limetoka Yumbe?

Ufunguo wangu: Ndiyo.
Yeye: Haijulikani.

"Nani kasema Koboko hawana mekundu?"
aliuliza, taratibu, kama mtu
anayemwonyesha mwenzake kifungo kilichofunguka.
Nikasoma tena. Nikasoma midomo ikicheza.
Jasho likanitambaa mgongoni,
mimi, mtunzi wa mtihani wa kufikiri.

Nikambandua Andama na wenziwe mlangoni.
Gundi ikaacha madoa manne mbaoni.
Onzia alikuwa ameshaondoka;
alisema ana mbuzi wa kufungua.

Sasa ni saa tatu usiku. Taa ya sola imeanza kufifia.
Nimezitoa karatasi zote arobaini na moja,
si yake peke yake,
naanza upya swali la tisa:
namba moja, Ndiyo, natoa alama.
Namba mbili, Haijulikani, naongeza.
Namba tatu hakujibu kitu.

Karatasi ya Andama iko chini kabisa ya rundo.
Sikumbuki alijibu nini.
Sijaifikia.