Dhehebu la Marehemu

Kijana wa kuchapa, pale Majengo, haniinulii macho.
"Marehemu alikuwa dhehebu gani?"
Kidole kimesimama juu ya kibodi. Stima yenyewe ya kubahatisha.

Niseme nini? Shangazi Kageha
alizaliwa kwa Marafiki, Kaimosi,
wasiobatiza kwa maji wala kuumega mkate,
wanaoketi kimya hadi Roho ampate wa kusema.
Akaolewa Butere. Huko akanyunyiziwa, akawekewa mikono,
akafundishwa kukiri "kanisa takatifu katoliki,"
akasimama katikati ya darasa: "Kwani tumehamia Mumias?"
Ujane ukampeleka kwa Wapentekoste.
Wakamzamisha mtoni Yala, mwezi wa saba, maji ya kukata mfupa,
wakisema yale ya kwanza yalikuwa umande tu.

Jana usiku, chini ya turubai, chai ikipoa,
Mzee Asiligwa alisema Mprotestanti
ni yule asiyehitaji mtu kati yake na Mungu.
Kasisi Mudave akajikuna kidevu: ndiyo, Maandiko kwanza,
lakini askofu naye si pambo.
Mchungaji Vugutsa: neno hilo halimo katika Biblia,
sisi tumeokoka, basi.
Ndipo Fulgensi, shemeji, katekista wa Mumias,
akaweka kikombe chini taratibu:
"Na hiyo Biblia, nani aliamua iishie wapi?"
Tukasikia vyura wa bondeni.
Kisha wote wakajibu kwa pamoja.

Mimi nilimkumbuka yeye, benchi la mbele, kila kanisa,
akiinua mkono mahubiri yakiwa yamepamba moto:
"Hapo umesoma, au umeongeza?"
Marafiki walimvumilia.
Waanglikana walimtuma mke wa kasisi aje amshauri.
Wapentekoste walimkemea pepo wa ubishi amtoke.
Hakumtoka.

"Andika Mkristo," nasema.
"Tu?"
"Tu."
Nakala mia mbili, shilingi kumi kila moja.
Tunafika mstari wa mwisho, ule wa desturi,
naanza kumsomea: *alilala kwa amani katika Bwana*
na wodi ya Mbale inanirudia, siku tisa,
vidole vyake vikilikamata shuka kama ukingo wa shimo,
na mkono ule ule unainuka nyuma ya mashine.

Kijana anangoja.

"Futa hapo penye amani," namwambia.