Mishono Nje

Miaka thelathini na minne nimefumua makosa ya wengine
hapa Keko, mlango wa pili kutoka kwa muuza magodoro.
Najua koti linavyoachana na bitana yake:
halipasuki. Linafura kwanza.

Ndivyo Daktari Nyakunga alivyonisomea paja la Mwasiti.
"Dripu ile iliwaamsha askari wa mwili, wakaifukuza saratani
kutoka wayoni mpaka mtokini, wakaisambaratisha.
Sasa hawataki kurudi kambini.
Wanafumua uzi unaoshika ngozi ya juu na ya chini."
Nikasema, uzi nauelewa.

Ilianza na muwasho, Januari, umeme umekatika,
Mwasiti akijikuna kwa kitana hadi alfajiri.
Jirani akasema ni joto.
Mwingine akasema ametupiwa kitu.
Kisha malengelenge, magumu, yamejaa maji,
shuka likimng'ang'ania asubuhi
nami nikilibandua kwa maji ya uvuguvugu,
uzi kwa uzi.

Nesi alinifundisha: sindano safi, toboa pembeni,
kandamiza taratibu kwa pamba,
ngozi usiikate. Iache ilale, iwe kifuniko.
Mkono wangu ukautamani mkasi,
mkono uliozoea kukata kila kinachoning'inia.

Vidonge vinane baada ya uji. Dawa ya kupaka mara mbili.
Dripu imesimamishwa.
"Tukiwalaza askari," nikauliza, "ile nyingine ikirudi?"
Daktari akazitazama karatasi zake muda mrefu.
"Tutapiga picha Aprili."

Sasa ni vidonge sita. Mashavu yake yamejaa kama ya bi harusi,
sukari imepanda, anaficha biskuti chini ya mto
na kuwasingizia panya.
Malengelenge mapya: Jumatatu matatu, Alhamisi moja,
Jumamosi nilikagua mara mbili, sikuona kitu,
nikakagua tena.
Palipopona pana rangi ya chai ya maziwa.

Nimemshonea gauni la pamba, pana, lisilo na kiuno,
mishono yote nje,
ndani laini kama kitambaa kisichowahi kuonana na sindano.
Kliniki, mama mmoja akamnong'oneza,
"Dada, umegeuza nguo."
Mwasiti hata hakujitazama.
"Iko sawa," akasema. "Fundi wangu anajua upande unaouma."